Bakuli la Yanga Lilipofika Kitangari

Wako watu wanaodhani ya kuwa habari za mpira ni za vijana tu, wala hazimpasi mtu mzima mwenye shamba na watoto. Sisi hatuoni hivyo. Hapa Kitangari hazipiti siku mbili watu wasitaje Simba au Yanga, na mpira ukiisha kutajwa, mazungumzo hayakawii kugeuka yakawa ya fedha. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu maneno yaliyosemwa katika baraza ya fundi mmoja wa cherehani katika msimu wa 2018/19, kwa kuwa twaamini yalihusu jambo kubwa kuliko mpira wenyewe.

Katika msimu ule Yanga ilikuwa maskini. Ni neno zito kulitamka juu ya chama kilichoanzishwa mwaka 1935, walakini ndivyo ilivyokuwa. Habari za mishahara kuchelewa zilisikika mara kwa mara, hata mwalimu wa timu, Bwana Mwinyi Zahera wa Kongo, akawaomba wapenzi wa Yanga popote walipo wachange kidogo kidogo ili timu isafiri na wachezaji wale. Watu wakaliita jambo hilo kutembeza bakuli. Watani wetu wa Simba walicheka mpaka mbavu zikawauma. Sisi tulio wa kijani na njano tulicheka nao, kwa sababu mtani hakasirikiwi, lakini kicheko chetu kilikuwa cha nje ya meno.

Asili ya shida ile haikuwa siri. Tangu mwaka 2012 mwenyekiti alikuwa Bwana Yusuf Manji, mtu tajiri, na mkono wake haukuwa mzito kwa timu. Yanga ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa Agosti 2016 wanachama walikubali hata kumkodishia timu kwa miaka 10, klabu ipate asilimia 25 ya faida. Mpango ule haukusimama. Mwezi wa Mei 2017 akajiuzulu. Hapo ndipo wengi walipotambua jinsi mzigo ulivyokuwa umelala juu ya bega la mtu mmoja. Kweli palikuwa na mkataba wa matangazo na kampuni ya SportPesa, wa zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa miaka mitano. Lakini ukigawa kwa miaka, ni kama bilioni moja tu kwa mwaka, nayo ndiyo ya mishahara, safari, malazi, dawa na madeni ya zamani. Tena msimu ule ligi ilikuwa na timu 20, kila timu michezo 38, wala ligi yenyewe haikuwa na mdhamini mkuu. Mtu aliyekwisha kulipa nauli ya kutoka Newala mpaka Dar es Salaam ataelewa upesi maana ya kuwasafirisha watu thelathini mpaka Bukoba na kuwarudisha.

Basi siku moja, mapema mwaka 2019, mazungumzo yakawaka. Alikuwapo fundi mwenyewe, mwalimu mwenzetu aliye wa Simba, vijana wawili wa pikipiki, na mzee mmoja mkulima wa korosho ambaye ameipenda Yanga tangu ujana wake. Mzee akatoa noti ya shilingi elfu mbili katika kunjo la msuli, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akasema, "Mwalimu, nitumie hii kwa simu yako. Ni ya Yanga."

Hapa hatuna budi kuwakumbusha wasomaji hali ya miezi ile. Mwishoni mwa 2018 wakulima walikuwa wameikataa bei ya wanunuzi, na mwezi wa Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilipendeza, lakini malipo yalikuja polepole kwa kuwa wakulima walihakikiwa kwanza, hata wengi wakaingia mwaka mpya wakiwa bado wangoja. Mzee yule alikuwa mmoja wao, na binti yake alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwezi ule ule wa Januari. Kwa hiyo noti ile haikuwa noti ndogo.

Fundi hakuigusa. Akasema, "Mzee wangu, shikamoo yako nimekwisha kukupa asubuhi, sasa niruhusu nikukatalie. Daftari za mtoto umenunua?"

"Nimenunua mbili."

"Zatakiwa ngapi?"

Mzee hakujibu hilo. Akasema, "Mimi nangoja fedha yangu, na wale vijana wangoja mishahara yao. Nani ajuaye kungoja kuliko sisi?"

Tulinyamaza kidogo. Kisha mwalimu mwenzetu wa Simba akaanza kutufundisha, kama walivyo walimu. Alisema dawa si bakuli, dawa ni mwekezaji. Mwezi wa Desemba 2017 wanachama wa Simba walimkubali Bwana Mohammed Dewji kwa shilingi bilioni 20, na kwa sheria wanachama hubaki na asilimia 51, mwekezaji 49. "Ninyi mwaombaomba, sisi tuna mkataba," akasema, na vijana wa pikipiki wakapiga makofi, ingawa mmoja wao ni wa Yanga.

Mzee akamjibu kwa mambo ya kwetu. "Mwanangu, sisi Wamakonde twamjua mjomba. Mjomba akiwa na mali, wapwa hula. Nasi Yanga tulikuwa na mjomba, tukala, tena tulishiba. Alipoondoka, tukaona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa amelima. Mjomba wenu naye ni mwanadamu."

Fundi akaongeza la kwake, nalo lilituingia sana. Alisema klabu zetu hufanya kangomba. Kila mtu wa Newala na Masasi ajua kangomba ni nini: mtu mwenye shida auza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na siku ya mavuno hana lake. "Timu husajili mchezaji kwa fedha ya mwakani," akasema, "na mwakani ikifika hulipa deni la mwaka jana. Noti ya mzee itaziba tundu gani?"

Tuliulizwa fikira zetu, nasi tukasema hivi. Kutoa si kosa, wala umaskini haumkatazi mtu kupenda kitu. Mtu aliyetoa elfu mbili kwa hiari amekwisha kununua furaha yake, na huenda ameinunua kwa bei nafuu kuliko mnywa pombe. Lakini yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, mpenzi na mwanachama. Mpenzi hulipa kiingilio, hununua jezi, hujaza bakuli. Mwanachama ana kadi, hulipa ada, huingia mkutanoni, hupiga kura na kuuliza hesabu. Katika baraza ile hapakuwa na hata mmoja mwenye kadi ya Yanga au ya Simba, hata yule aliyejivunia mkataba. Tulibishana juu ya nyumba ambayo hatuna ufunguo wake. Kanisani sadaka huhesabiwa na watu wawili na kuandikwa. Katika chama cha kuzikana yuko mtunza daftari, na asiposoma hesabu hupata aibu mbele ya wafiwa. Kwa nini mtu awe mkali wa shilingi mia tano ya mazishi, na awe mpole wa mabilioni?

Fundi akasema, "Basi tuanze na daftari." Akatoa moja, zile za kuandikia vipimo vya nguo, tukaandika jina la kila mtoaji na kiasi chake. Mzee akapunguziwa, akatoa elfu moja, na elfu ya pili fundi akamrudishia mkononi mwake, akamwambia ni ya daftari za mtoto. Mzee alinuna, lakini aliipokea. Fedha zikatumwa jioni ile.

Msimu ulikwisha Simba wakiwa mabingwa kwa pointi 93, Yanga wa pili kwa pointi 86; na sisi tuliona kwamba kushika nafasi ya pili kwa bakuli si jambo la kudharauliwa. Mwezi wa Mei 2019 alichaguliwa mwenyekiti mpya, Dakta Mshindo Msolla, na kampuni ya GSM ikaja kwa nguvu kuisaidia klabu. Mwezi wa Juni 2021 wanachama wa Yanga nao walikubali mfumo wa 51 kwa 49. Mwaka 2022 Mhandisi Hersi Said, aliyekuwa mtu wa GSM, akachaguliwa kuwa rais wa klabu. Yanga ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu 2022 hata 2025, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwalimu mwenzetu wa Simba alikuwa mtu wa maneno machache miaka ile.

Je, mzee alishindwa hoja yake ya mjomba? Yeye hakubali. Mwezi wa Januari 2024 zilipokuja habari za kufariki kwa Bwana Manji huko Marekani, mzee alikaa barazani kimya siku nzima, kisha akatuuliza kama hesabu za siku hizi husomwa. Tulimwambia ya kwamba wenye kadi ndio wa kuuliza. Mwaka uliofuata akatuomba tumwulizie ada ya kadi ni kiasi gani.

Liko jambo moja ambalo katika mabishano yale yote hatukuligusa, nalo lilikuwa karibu kuliko yote. Ndanda ya Mtwara, timu ya mkoa wetu, iliyopanda ligi kuu mwaka 2014, ilikuwa katika ligi ile ile ya timu 20. Nayo ilisafiri kutoka Mtwara mpaka Kanda ya Ziwa, zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu, na wapenzi wake hawakuwa mamilioni. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Tumelifungua tena daftari la fundi kuyatafuta majina ya waliochanga msimu ule wa bakuli. Yako majina kumi na manne, na mbele ya kila jina imeandikwa Yanga.