Bunduki ni Amana

Kutoka kwetu Igurwa hadi mpaka wa Uganda si mbali. Vita vya Kagera vilipoanza Oktoba 1978, sisi tulikuwa watoto wa chuoni. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, utawala wa Idi Amin ukaanguka na jeshi lake likatawanyika. Mwaka huo huo, huko Ankole, Waislamu wasio na hatia waliuawa kwa kulipiziwa kisasi cha dhalimu aliyekuwa wa dini yao.

Nchi ilihitaji walinzi. Tanzania ikabakiza majeshi huko hadi 1981, ikasaidia kufundisha jeshi jipya, UNLA, pamoja na polisi. Msaada huo ulikuwa wa ujirani mwema. Lakini Julai 1985 jeshi lile lile likampindua Rais Obote.

Sisi hatushangai. Siku moja tulitoka darasani, tukamwachia fimbo mwanafunzi mkubwa. Tuliporudi, tulimkuta amempiga mtoto wa mtu aliyegombana na baba yake. Fimbo tulimpa sisi. Uadilifu hatukuwa tumemfundisha. Ilitubidi tumwombe radhi mtoto yule.

Kadhalika mataifa. Jirani aweza kukufundisha shabaha, lakini kumcha Mwenyezi Mungu hufundishwa nyumbani, kabla ya bunduki. Enyi wazazi, askari wa kesho yumo mkekani mwenu leo. Mfundisheni kuwa nguvu ni amana, na kwamba mnyonge ana haki juu yetu, awe wa dini yetu au asiwe.

Wabillahi tawfiq.