Mguu wa Mjusi na jua la Birmingham

Najua nimepotea, zamu za usiku hazina huruma. Leo naomba niwasimulie habari za mjusi.

Haya, chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Kwetu Tanga mjusi ni wa ukutani, anakula mbu wake na hana jina. Huku Uingereza anafugwa, ana nyumba ya kioo, taa na daktari. Mtoto wa dada yangu, miaka tisa, anaye mmoja wa aina ya bearded dragon, wenye asili ya Australia. Kampa jina Mamba.

Majira ya baridi yaliyopita mtoto akanipigia simu: "Mama mdogo, Mamba anaburuta mguu." Nilipofika nikakuta paja limevimba. Hakuanguka wala hakubanwa na kitu. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi, maana mfupa ukivunjika bila kupigwa una jambo lake, awe mtu au mnyama.

Nikakataza mambo matatu: kuuvuta mguu, kumfunga gango la vijiti, na kumpa Panadol. Bandeji ikibana inakata damu, na dozi ya mnyama wa gramu 400 haikisiwi kwa macho. Tukamlaza kwenye boksi lenye taulo, pembeni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kitambaa, tukaenda kwa daktari wa wanyama anayewajua wanyama watambaao.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika, na mifupa mingine yote imefifia. Imelainika, akasema daktari, kama ya mtoto mwenye matege. Angekuwa ameshindwa hata kula, au uti wa mgongo umevunjika, pengine angeshauri apumzishwe. Mtoto machozi yakamlenga. Lakini Mamba alikuwa bado anakula, tukasema tujaribu.

Chanzo kilikuwa taa. Dukani waliuziwa taa ya joto tu, wakaambiwa inatosha. Mjusi huyu anahitaji pia miale ya UVB ili mwili wake utengeneze vitamini D. Asipoipata, kalsiamu ya kwenye chakula haifyonzwi vizuri, na mwili unakwenda kukopa mifupani. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia miale hiyo. Tena nyenje anaowala wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo ni lazima wanyunyiziwe unga wa kalsiamu.

Tukatoka na bandeji laini, dawa ya maumivu, kalsiamu ya kunywesha na maagizo: taa ya UVB, ibadilishwe kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, pa kuotea joto pawe kama nyuzi 40, matawi yote ya kupanda yaondolewe. Mfupa wa mjusi huunga polepole, wiki nyingi, pengine miezi. Nami nikaongeza langu la kiuguzi: kila ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, kwani wengi hubeba salmonela bila kuugua.

Nilipokuwa namweleza mtoto habari ya jua na mifupa, dada akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona mimi miguu inaniuma mwaka wa pili sasa?" Dada anafanya kazi usiku, mchana amelala, akitoka kajifunika. Alikuwa akisingizia kusimama sana. Kaniruhusu niwaambie: alipopimwa damu, vitamini D ilikuwa chini mno.

Ndugu zangu, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la huku halitoshi mwili kutengeneza vitamini hiyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Idara ya afya inashauri watu wazima wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku majira ya vuli na baridi. Sisi wenye asili ya Afrika, mwaka mzima. Vidonge ni bei ya soda. Ila maumivu yasiyokwisha yanataka kipimo, usijitibu mwenyewe.

Mamba sasa anatembea, anachechemea kidogo. Dada anapanda ngazi bila kushika ukuta. Asubuhi mtoto anawagawia wote wawili dawa, mjusi kwanza.

Haya, zamu inaniita. Tuombeane uzima.