Njia ya Koko, kutoka Uvira hadi Nyarugusu

Mwezi uliopita tulimzika Koko wetu, mama mzazi wa mama yetu, hapa hapa Nyarugusu. Wengi wenu mlikuja kwenye matanga. Mlileta kuni, mlileta unga na maharage, wengine mlilala nje pamoja nasi mpaka asubuhi. Tunasema asanteni sana. Tulitaka kuandika shukrani peke yake, lakini usiku wa tatu wa matanga kuna jambo lilitupata, na tumeona afadhali tuliseme kwa familia zote.

Koko alikuwa mtu wa Lweba, katika Fizi, kwenye ile barabara ya kando ya ziwa inayotoka Uvira kwenda Baraka. Miaka yake hakuna aliyeijua vizuri. Yeye alisema wakati wa Uhuru, 1960, alikuwa msichana wa kuchota maji mtungi mzima bila kusaidiwa, basi ninyi hesabuni wenyewe. Vita vya Mulele, 1964, vilimpandisha milimani akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Vita vya 1996 vilimvusha ziwa akiwa na wajukuu. Sisi tunaoandika tulizaliwa hapa kambini. Lweba hatujaiona hata siku moja.

Lakini tunaijua njia ya kufika. Hilo ndilo somo lake. Jioni akitwanga sombe, alitukalisha karibu na kinu akatufundisha kutaja njia. Pigo moja la mchi, jina moja. Uvira. Makobola. Swima. Mboko. Lusenda. Lweba. Baraka. Halafu ziwa. Halafu Kigoma, Kasulu, Makere, Nyarugusu. Ukikosea unaanza upya, na sombe haipikwi mpaka umalize. Mmoja wetu siku moja aliruka Swima kwa sababu ya njaa. Koko akasimamisha mchi: "Weye ulipita na ndege? Batoto bangu, njia ya kwetu hairukwi."

Kila jina lilikuwa na habari yake. Uvira ilikuwa soko, ndiyo maana njia yake ilianzia kule na siyo nyumbani. Ujanani alikuwa akipeleka mawese na ndagala kavu, akirudi na chumvi, sabuni na kikwembe. Kutoka Uvira mpaka Baraka ni kama kilomita 90. Alizipita kwa miguu, na siku ya bahati juu ya lori. Upande mmoja ziwa, upande mwingine milima, na michikichi katikati. Alisema huwezi kupotea: ukienda Baraka ziwa liko mkono wa kushoto, ukirudi Uvira liko mkono wa kuume. Mtoto anayejua mkono wake wa kula atafika nyumbani.

Makobola alilitaja kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa 1998 na kuingia 1999 watu wengi waliuawa kule, raia wasio na silaha, wanawake na watoto. Koko alikuwa tayari hapa kambini. Wenye redio waliposikia, watu wa Fizi walikaa chini wakalia, na tangu siku hiyo yeye akifika Makobola aliacha kutwanga kidogo, ndipo aendelee. Tulipokuwa wadogo tulifikiri anachoka mkono.

Lusenda lilimchekesha na kumsikitisha pamoja. Mwaka 2015 Warundi walikimbia kwao, wengine wakavuka kwenda Kongo, wakafunguliwa kambi Lusenda. Mwaka ule ule wengine walikuja hapa, mahema yao yakajaa kambi yetu. Koko alisema: "Kumbe ziwa ni moja. Kwetu kunapokea wakimbizi, na sisi ni wakimbizi." Akachukua bakuli la sombe akapelekea jirani Mrundi aliyefika na mtoto mchanga. Mama huyo ndiye aliyemwosha Koko siku alipokufa, pamoja na mama zetu.

Kuhusu kinu lazima tuseme. Mwaka 1996 walikimbia usiku kwenda majini. Koko alikuwa anatwanga, akakimbia na mchi mkononi bila kujijua. Kinu kilibaki Lweba mbele ya mlango. Ndani ya mtumbwi watu walimwambia autupe, mtumbwi umejaa. Akakataa, akasema utasaidia kupiga kasia. Na kweli ulisaidia, kwa jinsi alivyosimulia yeye. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na kina chake kinapita mita 1,400. Hayo tuliyajua shuleni. Koko alijua tu kwamba usiku lile ziwa halina ng'ambo. Walipofika Kigoma, mchi ulikuwa bado mkononi. Kinu cha hapa kilichongwa baadaye. Mchi ni ule ule, umeisha kwa kutwanga, siku hizi unafika kiunoni tu.

Alikuwa pia mtu wa kuchekesha. Wafanyakazi Watanzania walimwita "bibi" kwa heshima, na kwetu bibi ni mke wa mtu. Basi akiitwa kwenye foleni ya posho, "Bibi, sogea mbele," anajibu: "Mimi bibi ya nani? Bwana yangu alikufa zamani." Watu wanacheka, yeye amekwisha kusogea.

Mwaka 2005, meli za kurudisha watu Baraka zilipoanza, alijiandikisha arudi na mjomba wetu. Alifunga mizigo, mchi akaufunga ndani ya kikwembe. Mama yetu alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuwa mzima. Siku tatu kabla ya safari Koko akafungua mizigo. Mjomba akaenda peke yake. Koko akasema atafuata mtoto akisimama. Mtoto alisimama, akatembea, akaanza shule, na habari za kule zikawa leo amani, kesho bunduki. Hakufuata tena.

Mmoja wetu ni mwalimu wa kujitolea. Siku moja alibeba ramani ya Kongo kutoka darasani aionyeshe. Koko aliitazama muda mrefu. Uvira ipo, Fizi ipo. Lweba hakuna. Akauliza ramani ilichorwa na nani. Tukasema ni watu wa Ulaya. Akasema, "Hao walipita usiku." Akaomba kalamu, akatia nukta yeye mwenyewe kando ya ziwa. Nukta ile bado ipo, na wanafunzi wanauliza ni ya nini.

Sasa turudi kwenye matanga. Usiku wa tatu kwaya ilipopumzika, wajukuu tuliambiwa tumtajie Koko njia yake. Tukaanza kwa sauti moja. Uvira, Makobola, Swima, Mboko. Hapo wawili kati yetu wakanyamaza, wengine wakaendelea na Lusenda. Tukaangaliana. Kati ya Mboko na Lusenda kulikuwa na jina jingine dogo. Si kijiji, ni kijito chenye mwembe ambapo wanawake walitua mizigo. Wakati mwingine Koko alilitaja, wakati mwingine alilipita huku anatabasamu. Ni pale alipokutana na koko mwanaume. Alikuwa kijana anayetoka kuvua, akamsaidia kumtwika debe la mawese, kisha akadai alipwe ndizi. Koko akamwambia ndizi ziko nyumbani kwa baba, njoo udai kule. Akaja kweli.

Habari yote tunaijua. Jina hatulijui. Kila mmoja alidhani mwenzake analo. Mkubwa alidhani wadogo wanalo kwa sababu ndio waliolala na Koko. Wadogo walidhani mkubwa ameliandika kwa sababu ni mwalimu. Tukampigia mjomba Lweba usiku ule ule. Akasema kijito anakipita kwa pikipiki, mwembe haupo tena, jina hakuwahi kuuliza. Tukawapigia ndugu walioko Marekani, wakaahidi kufikiri, wakalia kwenye simu. Tuliuliza wazee wa Mboko walioko kambini. Wakatutajia vijito vingi, na hatuna wa kutuambia kipi ni chake.

Wapendwa, tulikuwa tumelia kwa sababu Koko amekufa, kama watu wote wanavyolia. Usiku ule tulilia kilio kingine. Mahali familia yetu ilipoanzia pametutoka mkononi, na miaka yote jina lilikuwa pale karibu na kinu. Tungeuliza mara moja tu.

Siku ya mazishi mdogo wetu wa mwisho, yule aliyemzuia Koko asipande meli 2005, aliomba kutaja njia kaburini. Aliitaja kinyume, ili Koko asiangaike: Nyarugusu, Makere, Kasulu, Kigoma, ziwa, Baraka, Lweba. Akaishia hapo. Ukitokea huku kwenda kwake, Koko hapiti Lusenda wala Mboko. Lile pengo haliko kwenye njia yake. Liko kwenye njia yetu.

Ardhi ya makaburi yetu hapa ni nyekundu, na hakuna ziwa karibu. Koko alitaka kulala anaposikia maji. Hatukuweza. Tumepanda mche wa mwembe pembeni ya kaburi, na watoto wanaumwagilia kwa zamu. Mchi tumeuweka kwa mama, na bado unatwanga.

Darasani tumeanza jambo dogo. Kila mwanafunzi alipewa ukurasa mmoja wa daftari akamwulize mzee wa nyumbani njia ya kwao, mahali kwa mahali, na mito na miti pia. Njia zimeanza kuja. Iko ya Kalemie, iko ya Moba, iko ya Minembwe, na watoto wa jirani zetu wameleta ya Rumonge na ya Makamba. Mzee mmoja alimweleza mjukuu mpaka usiku, akaongeza kurasa nne. Mwingine alikataa, akasema njia yake ina maiti nyingi. Mtoto akaandika hivyo hivyo, nasi tukampa alama zote.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila familia ni hili. Leo jioni, kabla ya kulala, mwulize mzee wako amepitia wapi. Usiseme utauliza kesho, na usidhani ndugu yako ameuliza. Andika hata kwa penseli. Na kama kuna mzee yeyote anayejua kijito kati ya Mboko na Lusenda, chenye mwembe ambapo wanawake wa mawese walikuwa wakitua mizigo, tafadhali aje shuleni au amtume mtoto. Tutamkaribisha kwa bugali na sombe.

Koko, lala salama. Mungu akupokee mahali pema. Amina.

Ni sisi wajukuu wako.