Kona ya Nne

Msomaji, kabla hatujafika mbali, naomba usinicheke. Hebu fikiria kijana wa miaka 24, mwenye cheti cha Kidato cha Nne na ndevu za kuhesabika, ameketi juu ya beseni lililofudikizwa katikati ya chumba huko Kayole. Macho ameyafumba. Mikononi ameshika mfuniko wa sufuria, anauzungusha kushoto, anauzungusha kulia, huku mguu wake wa kushoto ukikanyaga hewa. Kitandani ameketi kaka yake mkubwa na simu mkononi, anahesabu sekunde. Kijana huyo ni mimi. Jumamosi hii nina mashindano ya gokati, na hayo ndiyo mazoezi yangu.

Gokati pengine umeziona, au umezisikia zikilia kama nyuki waliochokozwa ukipita na matatu barabara ya Lang'ata. Ni vigari vidogo visivyo na paa wala mlango, na dereva huketi chini kabisa, karibu makalio yaguse lami. Historia yake si ya kale. Mwaka 1956 huko California, Marekani, fundi mmoja wa magari ya mashindano, Art Ingels, aliunganisha mabomba ya chuma, akafunga injini ya mashine ya kukatia nyasi, akakipanda kigari chake na kwenda. Hizi zetu za kukodi zina injini ya Honda ya silinda moja, ndugu toka nitoke wa ile inayosukuma pampu ya maji shambani. Nguvu zake ni kama za farasi 6.5 hivi. Gia hazina. Springi hazina, kwa hiyo kila ufa wa lami unakuandikia barua kwenye mbavu. Pedali ni mbili tu: kulia mafuta, kushoto breki.

Niliingia katika mambo haya kwa bahati tu. Nafanya kazi katika duka la spea kule Grogan, na Desemba moja, baada ya kufunga hesabu za mwaka, mwajiri wetu alitupeleka wafanyakazi wote kujiburudisha. Kila mtu alilipiwa dakika 10. Nilimaliza wa pili kutoka nyuma. Hata hivyo, niliposhuka kwenye kile kiti magoti yalikuwa yakitetemeka na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Tangu siku hiyo mwezi haupiti sijarudi. Sikwambii ni rahisi. Dakika 10 zile zinakula unga wetu wa wiki nzima, na mama alikuwa hajui.

Alikuwa hajui kwa sababu kwetu neno "mbio" halitajwi. Kaka yangu alikuwa dereva wa matatu za Nakuru, dereva hodari, abiria walikuwa wakimwulizia kwa jina. Desemba 2022, kwenye mteremko wa Kinungi kabla ya kufika Naivasha, gari lake liliacha barabara likajibwaga mtaroni. Abiria watatu walilazwa. Mungu ni mkubwa, wote walirudi makwao. Lakini kaka aliacha mguu wake wa kulia hospitalini, chini kidogo ya goti. Nyumbani tuliambiana kwamba breki zilikataa. Mama aliwaeleza majirani breki zilikataa, akamlaani mwenye gari hata akachoka. Kaka hakusema lolote. Sisi tukadhani ni uchungu.

Yeye ndiye niliyemwambia kwanza kuhusu gokati. Nilitarajia matusi. Akaniuliza swali moja tu.

"Breki iko mguu gani?"

"Kushoto."

Akautazama mguu wake uliobaki, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. "Basi hiyo hata mimi ningeiweza, braza." Kuanzia usiku huo akawa mwalimu wangu.

Sasa, wenye magari yao ya mashindano hutayarisha gari. Hufungua injini, hubadilisha tairi, hukesha gereji. Sisi wa kukodi hatuna cha kufungua. Asubuhi ya mashindano unatia mkono kwenye sanduku, unatoa karatasi, na namba iliyoandikwa ndiyo gokati yako. Kuna namba 7, inayovuta kama imetoka dukani jana. Kuna namba 3, ambayo usukani wake unaelemea kulia na kila mmoja wetu humwomba Mungu asiipate. Wepesi kama mimi, mwenye kilo 58, tunaongezewa vipande vya risasi kwenye kiti ili tusiwazidi wenzetu kwa sababu ya njaa yetu. Hakuna ujanja. Kinachoweza kutayarishwa ni mtu.

Nikianza kulalamika juu ya namba 3, kaka huniletea habari za Joginder Singh. Mwaka 1965 Joginder alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant kiti cha pili, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Kampuni ilikuwa imekwisha kuitumia mashindanoni kabla haijawa yake. Akaja kushinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. "Unaona?" kaka husema. "Gari la mtumba, na kando yake ndugu yake. Jamaa alijua kulibembeleza. Na wewe unalilia namba!"

Kubembeleza ndilo somo lenyewe. Mimi nilidhani mbio ni kukanyaga mafuta. Kumbe mafuta hata mtoto anakanyaga. Katika gokati magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka pamoja kama mapacha waliofungwa kamba. Kwenye kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo yasipoachana kidogo kigari hakitaki kukata. Inabidi lile la ndani liinuke, hata kama ni unene wa kucha tu, nawe huliinua kwa namna unavyoingia. Breki nazo zinashika nyuma peke yake. Ukizikanyaga ukiwa umekwisha kukata usukani, nyuma inakupita na unajikuta unatazamana na wenzako wanaokuja. Ukiteleza kwa mbwembwe, watazamaji watakupigia makofi, lakini injini ya farasi 6.5 haina nguvu za kukurudishia mwendo uliopoteza. Kwa hiyo unashika breki mapema, usukani ukiwa umenyooka, unaachilia taratibu, ndipo unakata. Kaka ana maneno yake: "Ingia kwa adabu, utoke kwa fujo."

Kwa kuwa fedha za kwenda Lang'ata kila siku sina, ndipo tukabuni beseni. Nakaa, nafumba macho, naendesha raundi nzima kichwani, kila kona, kila breki. Nikianza nasema "sasa", nikimaliza nasema "sasa", na kaka anasoma simu. Raundi yangu bora uwanjani ni sekunde 41. Ya kichwani inatakiwa iwe hiyo hiyo.

Usiku wa kwanza nilitoa 36.

Nilifurahi. Kaka alitikisa kichwa. "Hakuna binadamu aliyekupa sekunde 5 bure. Kuna mahali umeruka."

Tukarudia, safari hii nikisema kwa sauti ninakopita. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mnyoofu mrefu, halafu... halafu nikajikuta niko kona ya tano. Kona ya nne ilikuwa haipo. Ni kona kali ya kulia mwisho wa ule mnyoofu, na mbele yake kuna ukuta wa tairi kuukuu unaokujia kama mtu anayekudai. Ndipo nikaelewa kwa nini hata uwanjani huteleza pale pale kila mara. Nikiuona ule ukuta akili yangu hufumba macho. Ikija kuyafumbua nimechelewa, nakanyaga breki kwa hofu, na nyuma inanipita.

Jumanne ya wiki hii mvua ilinyesha Gikomba, mama akafunga biashara mapema. Tulikuwa hatujamsikia. Nilipofumbua macho alikuwa mlangoni, leso kichwani imelowa, ananitazama mimi, beseni, na mfuniko.

"Mfuniko wangu unafanya nini?"

Uongo haukuja. Nikamweleza yote, Lang'ata, Jumamosi, hata bei. Akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Mmoja amekatwa mguu. Wewe unataka wakukate yote miwili ndipo mridhike?"

"Mama, mimi ndiye ninayemfundisha," kaka akasema.

"Unamfundisha nini?"

"Kushika breki."

"Breki!" Mama akacheka kicheko kikavu. "Breki si ndizo zilizokukataa wewe?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kaka aliweka simu kitandani, akaichukua tena, akaiweka.

"Hazikukataa, mama."

Sikuthubutu kumtazama yeyote.

"Kulikuwa na trela mbele, linajikokota. Niliona nafasi. Nilijua ni ndogo, nikajiambia nitapita, mara ngapi nimepita? Breki zilishika vizuri kabisa. Ni mimi niliyezikanyaga nikiwa nimechelewa."

Mama hakupiga kelele. Ningependa kukuambia alilia, au alimkumbatia, kama inavyokuwa katika hadithi, lakini hakufanya hata moja. Alikaa akikamua maji kwenye pembe ya leso yake. Baada ya muda akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Na yule mwenye gari nimemlaani miaka yote hii."

"Alinipa gari zima," kaka akajibu.

Mama akainuka, akawasha jiko, akateleka maji ya ugali. Nilidhani mambo yamekwisha, na Jumamosi yangu imekwenda na maji. Nikaanza kuinua beseni.

"Hiyo kona mnayoisema," akasema akiwa ametupa mgongo, "iko wapi?"

Kaka akachukua mkongojo wake, akachora sakafuni kwa ncha yake: mnyoofu, ukuta, kona. Mama akageuka akatazama, ingawa kwenye saruji hakukuwa na alama yoyote ya kuonekana.

"Haya, rudia. Na usifumbe macho."

Nikaketi. "Sasa." Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye mnyoofu nilimwona mama amesimama na mwiko mkononi, na nyuma yake ukuta wa mabati. Nilijilazimisha kumtazama. Nikashika breki mapema, usukani umenyooka, nikahesabu moja, mbili, nikaachilia taratibu, nikakata kulia. Kona ya tano. Ya sita. "Sasa."

"43," kaka akasema.

Sekunde 2 zaidi ya muda wangu wa kweli. Nikainamisha kichwa.

"Usisikitike," akaniambia. "Leo hujaruka kitu."

"Nipe mfuniko wangu," mama akasema. "Maji yanachemka."

Naandika haya Alhamisi usiku. Mama amesema hatakuja Lang'ata, Jumamosi ni siku yake kubwa ya soko. Lakini jioni nimekuta ameifua fulana yangu nyeupe na kuianika juu ya jiko ikauke, nami sikuuliza. Kaka atakuja. Atasimama karibu na kona ya nne, ndipo amechagua mwenyewe.

Wenzangu mnaoandika, nina jambo moja la kuwaambia ninyi. Mwaka wa pili sasa naandika riwaya usiku, na shujaa wangu ni dereva wa matatu. Katika sura ya tisa breki zinamkataa kwenye mteremko. Ilikuwa sura niliyoipenda kuliko zote, kila aliyeisoma aliisifu, na niliimaliza kwa usiku mmoja tu. Sasa najua kwa nini ilinitoka upesi vile. Jana nimeichana. Nitaiandika upya baada ya Jumamosi, na najua itachukua muda.

Kuhusu karatasi ya kwenye sanduku, sijui itatoka namba gani. Ikitoka 3, nitaichukua.