Tulivyosoma Mawimbi Milimani Upare

Mwaka 2002 nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huko Upare ya Kaskazini, milimani kati ya barabara kuu ya Moshi na Ziwa Jipe. Simu za mkononi zilikuwa nchini tangu 1994, Mobitel ilipoanza kazi Dar es Salaam. Vodacom ilifuata mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Kwetu zilipanda mlima zikiwa mifukoni mwa watu waliorudi nyumbani kwa mapumziko ya Desemba: Nokia 3310, Siemens, Motorola, Ericsson. Zilipofika bondeni ziligeuka saa za kutazama na mchezo wa nyoka. Kwenye kioo hakukuwa na kijiti cha mtandao hata kimoja.

Bonde letu limezungukwa na vilima, na mnara wa karibu ulikuwa tambarare, kando ya barabara, nyuma ya ukingo wa magharibi. Mawimbi ya megahezi 900, yaliyotumika sana wakati ule, hupenya ukuta wa matofali na hujipinda kidogo kwenye pembe ya nyumba, lakini mlima hayaupenyi. Vijana waliopanda ukingoni kukata majani ya ng'ombe ndio waliosikia simu ya mwenzao ikilia ghafla, ujumbe wa siku nyingi ukiingia mfululizo. Haukupita muda mrefu kijiji kizima kikapajua mahali pale.

Palikuwa na jiwe pana na mti wa mgrevilea uliopigiliwa msumari. Jioni ungekuta watu wamepanga foleni, kila mmoja na vocha yake ya kukwangua, wazee wakipishwa mbele. Hakukuwa na mhandisi yeyote miongoni mwetu, lakini watu wale walijifunza tabia za mawimbi kwa miguu, masikio na mikono yao. Namna walivyojifunza inastahili kuandikwa kabla sisi tuliokuwepo hatujaondoka.

Jambo la kwanza walilogundua ni kwamba shibiri moja inatosha kuharibu mazungumzo. Ukisimama kwenye jiwe sauti inakuja safi. Ukisogea kidogo inakatika. Wengi waliliona hilo kama muujiza wa jiwe. Kumbe wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Linapofika kutoka mnarani moja kwa moja, na jingine likafika baada ya kudunda kwenye mwamba au mteremko wa jirani, hukutana: mahali pengine huongezeana nguvu, mahali pengine hufutana. Kutoka sehemu ya kuongezeana hadi ya kufutana ni umbali mdogo kuliko kiganja kilichonyooshwa. Msumari ule mtini ulikuwa umepigiliwa na mtu aliyejaribu tena na tena hadi akaipata sehemu ambayo simu ikining'inia peke yake inapokea ujumbe.

La pili ni mwili wa mtu. Kichwa na mkono vina maji mengi, na maji hunyonya mawimbi hayo. Kina mama waliopiga simu pale walikuwa hawaulizi wageuke upande gani; simu ilikaa kwenye sikio lililoelekea mnara, na kidole hakikugusa sehemu ya juu ya simu, mgongoni, kwa kuwa ndipo antena ilipofichwa. Nokia za zamani kidogo, kama 5110, zilikuwa na kijiti cha antena kilichochomoza nje na kila mtu alikiona. Zilizofuata ziliificha ndani, na watumiaji wakalazimika kuitambua ilipo kwa kupapasa.

La tatu lilihusu ujumbe mfupi. Mahali simu ilipokatika kila mara, ujumbe wa maandishi ulipita. Watu walikuwa wakiandika wakiwa nyumbani, wanapanda, wanainua mkono juu, wanabonyeza kutuma na kusubiri. Ujumbe una herufi 160 tu na husafiri kwenye njia ile ile ambayo simu hutumia kusalimiana na mnara. Ukishindwa unaweza kurudiwa, na unaokuja kwako hutunzwa na mtambo hadi simu yako ionekane. Mazungumzo yanahitaji njia iliyo wazi dakika zote. Ujumbe unahitaji nafasi ya kupenya mara moja.

Mimi nilitaka kuona namba. Nokia kadhaa za wakati ule zilikuwa na kurasa zilizofichwa ambazo fundi aliweza kuzifungua kwa waya na kompyuta, na fundi mmoja wa Moshi alinifungulia zangu. Tangu siku hiyo sikuangalia tena vijiti. Kwenye kioo kidogo kile nilisoma nguvu ya mawimbi kwa desibeli, namba ya njia, na kipimo cha umbali kutoka mnarani. Namba za nguvu huwa hasi. Sitini na kitu hasi ni mawimbi ya mtu aliye karibu na mnara. Mia na kitu hasi ni ukingoni mwa ukimya. Kila namba ikishuka kwa 3, nguvu imepungua kwa nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kutoka hasi 70 jiweni hadi hasi 100 kwenye mashamba ya migomba hapo chini, nguvu ilikuwa imepungua mara elfu moja, na mwendo wenyewe ni mteremko wa kushuka ukiwa na ndoo kichwani.

Nilikwenda na wanafunzi na daftari. Wazee walituambia ukungu wa asubuhi unafukuza mtandao. Tulipima ndani ya ukungu na baada ya ukungu kuondoka. Namba zilikuwa zile zile, kwa sababu kwa mawimbi ya masafa hayo ukungu na mvua ni kitu kidogo sana. Lakini wazee hawakuwa wamebuni. Chini ya miti iliyolowa namba zilishuka kweli, maana majani yaliyobeba maji huyazuia mawimbi kuliko majani makavu. Walikuwa wameona tukio sahihi na kulipatia sababu ya jirani yake.

Fumbo lililotusumbua zaidi lilikuwa kwenye ncha ya kaskazini ya safu, upande wa Ugweno. Ukiwa pale siku isiyo na mawingu unaona tambarare yote hadi Moshi, na simu ilionyesha vijiti vya kutosha. Ukipiga, haiendi. Ukurasa wangu uliofichwa ulionyesha kwamba tulikuwa tukiisikia minara ya mbali, na jibu lilikuwa kwenye umbali. Katika mfumo wa GSM mnara hugawa kila njia kwa zamu nane fupi sana, na kila simu husema kwenye zamu yake. Simu iliyo mbali huagizwa ianze kusema mapema kidogo ili sauti yake ifike kwa wakati. Kuwahi huko kuna hatua 63, kila moja ni kama mita 550, kwa hiyo mwisho wake ni kilomita 35 hivi. Kutoka Ugweno hadi Moshi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 40. Sauti ya mnara ilitufikia. Yetu ilifika imechelewa na kuangukia zamu ya mtu mwingine. Isitoshe, simu ya mkononi kwenye masafa hayo haizidi wati 2, wakati mnara una nguvu nyingi kuliko hiyo. Kusikia na kusikika ni mambo mawili, na vijiti hupima kusikia tu.

Mashariki, ng'ambo ya Ziwa Jipe, ni Kenya. Taveta iko karibu na Ugweno kuliko Moshi, na mawimbi hayana pasipoti. Simu za Tanzania zilizokuwa zikitafuta mtandao kwa uchovu ziling'ang'ania minara ya huko na kubaki na ruhusa ya simu za dharura tu, mpaka mwenyewe aingie kwenye menyu na kuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Wafanyabiashara waliokwenda gulioni Taveta walinunua laini za Kenya, wakawa na laini mbili na simu moja, wakibadilisha kulingana na upande wa mlima waliosimama. Jirani kumpigia jirani ikawa simu ya nje ya nchi.

Betri nazo zilitufunza. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu yake hadi mwisho, na isiyopata mnara hutafuta bila kupumzika. Bondeni kwetu umeme haukuwa umefika, na kuchaji dukani kwenye betri ya gari ilikuwa ni pesa. Hivyo watu walizima simu nyumbani na kuiwasha wakifika juu. Bibi mmoja asiyejua kusoma aliweza kunieleza kwa usahihi kwamba simu inachoka kwa kuita.

Ila lililo kubwa kuliko yote haya lilikuwa msiba. Kabla ya simu, kifo cha ndugu aliyekuwa mbali kilitufikia kwa matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na mara nyingine mwili ulitangulia habari. Sasa habari ilifika jiweni kwanza, kwa yeyote aliyekuwa amesimama pale. Hapo ukajengeka utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Aliyepokea taarifa ya ukoo mwingine hakuitangaza kwenye foleni. Alishuka, akamtafuta mzee wa ukoo ule, akamwamkia, akamwambia kwa faragha. Vijana wa miaka kumi na sita niliowafundisha darasani waliubeba wajibu huo usiku, kwenye mteremko, na sikusikia hata mmoja aliyeuvunja. Mawimbi yalipatikana mahali pamoja, kwa hiyo yalikuwa ya wote, na aliyesimama mahali pale alisimama kwa niaba ya wote.

Miaka michache baadaye mnara ulijengwa juu ya ukingo wenyewe. Nilifurahi, na naendelea kufurahi: mjamzito kwenye nyumba ya mwisho anaweza kuita gari akiwa kitandani. Lakini elimu ya jiweni ilikoma kwa kizazi kimoja. Wajukuu wa watu wale wana simu janja na wanapokosa mtandao husema umekata, basi. Wanaviamini vijiti, ilhali hakuna kanuni moja inayowalazimisha watengenezaji wa simu kuvihesabu sawasawa. Mwaka 2010, watu walipolalamika kwamba iPhone 4 inapoteza mtandao ikishikwa kwa namna fulani, Apple yenyewe ilikiri kwamba hesabu yake ya kuonyesha vijiti ilikuwa na makosa na ilionyesha vingi kuliko hali halisi.

Leo hakuna haja ya fundi wala waya. Katika simu nyingi za Android, fungua mipangilio, nenda penye taarifa za simu, kisha hali ya laini. Namba ya desibeli iko hapo. Ila usilinganishe ya 2G na ya 4G, kwa sababu 4G hupima kipande chembamba tu cha njia: hasi 100 iliyokuwa karibu na ukimya jiweni kwetu, kwenye 4G bado inafanya kazi. Ukinunua simu ndogo, kumbuka antena nzuri hutaka nafasi. Robo ya wimbi la megahezi 900 ni sentimita 8, na la megahezi 700 ni karibu 11, na hayo ya chini ndiyo yanayofika mbali vijijini. Na namba ikiwa nzuri huku intaneti haisogei, mara nyingi tatizo ni wingi wa watu kwenye mnara mmoja. Kuinua mkono hakutasaidia.

Tangu mwaka 2006 nchi yetu ina sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaosaidia kupeleka minara mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Bado kuna mabonde yanayosubiri, Upare na kwingineko. Nawasihi walimu wenzangu wa fizikia watoke na wanafunzi, wapime nyumba kwa nyumba, wachore ramani ya namba zao na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa diwani. Malalamiko kwamba mtandao hakuna hujibiwa kwa ahadi. Ramani yenye namba hasi 115 kwenye kila kaya ya kitongoji ni hoja, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuiandaa kwa simu zilizo tayari mikononi mwa wazazi wao.