Tulimfungia Mama Kabati

Nyumbani kwetu Ifakara wali haukosekani. Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga, na mgeni akiondoka bila kushiba ni aibu ya wenyeji. Mama yetu ndiye aliyeusimamia ukarimu huo miaka yote, naye ndiye tuliyemdhulumu.

Mwaka juzi alipimwa, akakutwa na kilo 118 na shinikizo la damu la 180 kwa 110. Alikuwa akisali juu ya kiti, huku akihema. Aliambiwa kwamba moyo unaosukuma damu katika mwili mzito kiasi hicho hufanya kazi kupita uwezo wake, na mwisho hudhoofika. Mama akaazimia. Kwa miezi saba alipunguza wali, akaacha soda na vitumbua, akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Alipungua kilo 14. Tulimshukuru Allah (S.W.).

Kisha uzito ukaanza kurejea. Alilalamikia njaa ambayo, kwa maneno yake, hakuijua hata katika funga ya Ramadhani. Sisi wanawe tukaona ni uroho. Tukahesabu chapati, tukalitia kufuli kabati la chakula, na siku moja mmoja wetu akamkemea mbele ya wakwe. Mama hakujibu neno. Aliingia chumbani, na usiku ule hakula.

Tuliporudi kliniki tulimshitaki kwa daktari. Alitusikiliza, kisha akatufundisha. Mwili una wajumbe wanaosafiri katika damu, waitwao homoni. Leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutoka tumboni na kuamsha njaa. Mtu mnene anapopungua, leptini hushuka na ghrelini hupanda. Ubongo hudhani njaa imeingia nchini: hudai chakula zaidi na kubana matumizi ya nguvu. Hali hiyo yaweza kudumu mwaka mzima na zaidi.

"Mama yenu hakuwaongopea," akasema. "Njaa yake ni ya kweli."

Tuliinamisha vichwa. Mama alikuwa akitazama dirishani.

Daktari aliongeza kwamba kupungua hata sehemu 5 hadi 10 kwa mia ya uzito huweza kushusha shinikizo la damu na sukari, hivyo kilo chache zilizosalia kupungua zisidharauliwe. Akamwandikia dawa za kila siku, akatusihi turudi kabla ya Ramadhani ili zipangiwe saa za daku na futari.

Jioni ile tuliondoa kufuli, tukamwomba radhi mmoja mmoja. Tangu hapo nyumba nzima tunakula chakula kimoja naye: wali kidogo, maharage, mboga za majani kwa wingi na perege wa kuchoma. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi, fundisho hilo tulikuwa tukimsomea mama peke yake, sisi tukijaza sahani.

Leo ana kilo 109, na shinikizo lake ni 140 kwa 85. Sala ya Alfajiri anaisali kwa kusimama. Ndugu zetu, mwenye mwili mzito nyumbani kwenu msimdhanie vibaya. Muulizeni kwanza anavyojisikia, kisha mpelekeni akapimwe moyo.