Ndia Kuu: Reli ya kaboi katika Mji wa Kale

Ukiiacha Fort Jesus nyuma yako, bahari ikawa upande wa kulia, barabara nyembamba utakayoingia ndiyo Ndia Kuu. Wamvita husema ndia, wa bara husema njia. Usiende mbio. Simama kwa muuza kahawa, unywe vikombe viwili, utazame roshani za mbao na milango ya nakshi. Kisha tazama chini, katikati ya barabara. Hutaona kitu sasa, lakini zamani palipita reli hapo. Habari zake nitakupa, ila lazima nianze na kaboi.

Tulipokuwa watoto, picha za kaboi ndizo zilizotupa mchezo wa vichochoro hivi. Kijiti kilikuwa bastola, na leso ya mama ilifungwa usoni. Taabu ilikuwa kumpata wa kuwa Mhindi Mwekundu, kwa kuwa kila mtu alijua huyo atakufa mapema, na stelingi hafi. (Mzee mmoja Mhindi, muuza vitambaa, alikuwa akitoka dukani kutuuliza sisi na Wahindi tumegombana nini.) Hatukujiuliza wale waliokuwa wakiangushwa kutoka juu ya farasi walikuwa wakilinda nini. Katika sinema hizo nchi ni tupu mpaka mgeni afike. Mwenyeji hutokea kilimani ghafla kama mvua ya mawe, akapiga kelele, akaanguka, basi.

Mambo hayakuwa hivyo. Tarehe 29 Desemba 1890, mahali paitwapo Wounded Knee, askari wa Marekani waliwaua Walakota zaidi ya 150, wakiwamo wanawake na watoto. Reli ya kuvuka nchi hiyo ilikamilika tarehe 10 Mei 1869, na upande wa California wengi wa waliopasua milima walikuwa Wachina. Picha mashuhuri ya siku hiyo imejaa Wazungu. Hata hao kaboi, wanahistoria hukadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Je, katika Bonanza ulimwona mara ngapi?

Sasa turudi Ndia Kuu. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba kuelekea bara. Haikufika mbali. Vyuma vyake vikaletwa mjini vikawa njia ya matroli. Troli lilikuwa kiti chenye kivuli juu ya magurudumu: bwana hukaa, watu weusi wakasukuma. Picha za zama hizo, Wazungu walipoiita barabara hii Vasco da Gama Street, zinaonyesha vyuma vikipita katikati. (Na huyo Vasco da Gama, alipofika Aprili 1498, wala hakushuka mjini.)

Tarehe 21 Aprili 1909 alifika Mombasa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwezi uliotangulia. Usiku alikirimiwa Mombasa Club, hatua chache kutoka hapo ulipoanzia matembezi yako. Huyu ndiye mwandishi wa The Winning of the West, vitabu vinne vya kusifu jinsi Wazungu walivyotwaa magharibi ya Marekani. Kesho yake alipanda gari la moshi, akakaa kwenye kiti mbele ya injini atazame wanyama. Baadaye, katika kitabu chake cha 1910, aliwafananisha walowezi wa hapa na wale wa kwao.

Alifananisha barabara, pengine kuliko alivyokusudia. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia kwa ahadi ya kudumu. Mwaka 1911 wakaambiwa waihame na Laikipia. Koitalel arap Samoei wa Wanandi alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano alioambiwa ni wa amani. Na reli aliyopanda Roosevelt ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000, wapatao 2,500 wakafa.

Hollywood iliona simba tu, wale wa Tsavo wa 1898. Bwana Devil ya 1952 ilipigwa sehemu kubwa California, kwenye Paramount Ranch, shamba lile lile la kupigia picha za kaboi. The Ghost and the Darkness ya 1996 ikaongeza mwindaji Mmarekani, Remington, ambaye hakuwapo kabisa. Stelingi lazima apatikane!

Basi maliza kahawa, ushike njia ya bandari ya majahazi mpaka Government Square, uione posta ya kale iliyofunguliwa mwaka 1899. Hapo mafundi na vibarua wa reli walipeleka barua kwao India. Nenda alasiri, jua likipoa. Na ujihadhari na mikokoteni: haina breki, na msukumaji akishapiga kelele "Mzigo!" ni juu yako kuruka barazani.